Vipande Vitatu Juu ya Meza

Banza alikuwa ameshamwambia kila mtu kwamba madaktari ndio waliomwua mkewe. Aliwaambia kanisani. Aliwaambia kwenye depo ya tramu alikokuwa anaosha mabehewa. Aliwaambia akina mama wauza kapenta wa Chaussée de Wavre, Brussels, hata wale walioisikia habari hiyo mara nne, ambao sasa walikuwa wanapima dagaa wao bila kuinua macho.

"Balimurudishia mufupa mubovu," alikuwa anasema. "Mufupa wa frigo, wa ku baridi! Wewe nyama ya frigo unaila bila kuinusa? Bon. Bao balimuwekea bibi yangu ku kichwa."

Na watu walikubali. Nani kati yao hakuwa na kesi yake na wakubwa? Huyu alizungushwa miaka mitatu kwa ajili ya kitambulisho, yule alifukuzwa kazi na bosi ambaye hata sura yake hakuwahi kuiona. Banza mwenyewe chuki yake ilianzia mbali. Kule Lubumbashi alisimama miaka kumi na mmoja mbele ya tanuru la kuyeyushia shaba, na siku rafiki yake alipoungua mkono mpaka kwenye kiwiko, mkuu wa zamu aliandika kwenye karatasi kwamba mtu yule aliungua kwa uzembe wake mwenyewe. Hakumwuliza yeyote aliyekuwapo. Aliandika, akagonga mhuri, akaenda kula. Tangu siku ile, Banza akiona mtu amekaa nyuma ya meza na kalamu mkononi, anaanza kutafuta ugomvi.

Shule aliiacha darasa la tano. Kifaransa chake kilikuwa cha kiwandani: cha kupokea amri, cha kuomba ruhusa na cha kugombana. Lakini ndani ya nyumba yao ya Ixelles, vyumba viwili ghorofa ya tatu, yeye ndiye aliyekuwa mjuzi. Mujinga, mkewe (jina la Kiluba, halihusiani na ujinga), alifika Ubelgiji mwaka 1993 na hakujua zaidi ya kusalimia na kuuliza bei. Barua ikija, Banza anaifungua. Mtu wa gesi akibisha, Banza anaongea. Daktari akiuliza, Banza anajibu. Ilikuwa hivyo, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Sasa ulikuwa mwezi wa tisa, 1996, mwaka mzima tangu wamzike, na Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa siku ya kuondoa msiba. Mkono wa Banza ulikuwa umefungwa kitambaa cheusi, na kitambaa hicho hakikatwi na mwenye msiba. Hukatwa na wakwe, baada ya kumkalisha chini na kumwuliza.

Tshibangu, kaka mkubwa wa Mujinga, alikuja mwenyewe kumpa habari. Huyu alikuwa mwalimu kule Likasi. Huku Brussels alikuwa mlinzi wa mlango katika duka la nguo, lakini bado aliongea kama mtu mwenye chaki mkononi.

"Shemeji, dimanche tutakukata kitambaa," alisema, amesimama katikati ya chumba bila kuvua kofia. "Lakini mbele ya mukasi, famille itakuuliza. Ulimuchukua Mujinga kwetu muzima. Kichwa kizima. Nani alimuharibu?"

"Mbona nimewaambia? Banganga ba hospitali."

"Umetuambia kwa mudomo. Mudomo yako haina cachet, haina muhuri."

"Unataka nini basi, nimulete docteur hapa, nimukalishe ku kiti?"

"Nataka karatasi. Kama hospitali ilichagua mubaya, imeandikwa. Bazungu banaandika kila kitu, hata bakipiga chafya. Leta karatasi, tutatafuta avocat, mutu wa sheria, tutabapeleka ku tribunal. Na kama hakuna karatasi..." Alitazama kitambaa cheusi. "Alors, hiyo utavaa mwaka mwingine. Na bantu batajua kwa nini."

Hadassa, binti yao, alikuwa anapiga pasi pembeni. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa msusi katika saluni moja ya Galerie d'Ixelles.  Tangu mama yake azikwe, alikuwa anaongea na baba yake kwa mambo ya lazima tu: chumvi imekwisha, ufunguo uko wapi.

"Nitaleta," Banza alisema.

Usingizi haukumjia vizuri wiki ile, kwa sababu alikuwa anajua kilichotokea siku ile hospitalini. Alikuwa amekifukia chini ya maneno mengi, lakini alikuwa anakijua.

Mujinga alianguka Februari ya mwaka 1995, asubuhi ya barafu, kwenye ngazi ya mbele ya nyumba. Kando ya milango ya nyumba za zamani za Ixelles kuna kipande cha chuma kilichopigiliwa ukutani, cha kufutia matope ya viatu. Kichwa chake kilikwenda moja kwa moja kwenye chuma hicho. Fuvu lilipasuka upande wa kulia, ngozi ikafunuka, na uchafu wa miaka mia wa barabara ukaingia kwenye kidonda. Madaktari walimpasua siku hiyohiyo. Ubongo ulikuwa unavimba, kwa hiyo waliondoa kipande cha fuvu kikubwa kama kiganja ili upate nafasi, wakakihifadhi kwenye baridi kali.

Akapona. Hili watu walikuwa wanalisahau Banza alipokuwa anasimulia, kwa sababu yeye mwenyewe alilipita haraka. Mujinga alipona, akaongea, akapika. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umebonyea kama chungwa lililokaliwa, na chini ya ngozi hakukuwa na mfupa, ila ubongo wenyewe. Hospitali ilimpa kofia ngumu ya kujikinga. Aliichukia kofia ile kuliko kidonda. Siku moja aliivua, akachukua mkono wa mume wake akauweka pale.

"Shika, baba Hadassa. Pole-pole. Unasikia vile inapiga?"

Banza alihisi kitu kinadunda chini ya vidole vyake, laini, chenye joto.

"Nimerudi mutoto muchanga," Mujinga alisema akicheka. "Niko na utosi."

Banza aliuondoa mkono upesi, kama mtu aliyegusa tanuru. Mpaka leo alikuwa anajuta kuuondoa upesi namna ile.

Mwezi wa sita waliitwa ili kichwa kifungwe. Daktari Lemmens alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Aliwakalisha, akatandika kitambaa cha kijani juu ya meza, na juu yake akapanga vipande vitatu. Mlangoni, nyuma ya kiti cha magurudumu cha Mujinga, alisimama msaidizi wa wagonjwa aliyewaleta kutoka chini. Hakuna aliyemtazama.

Kipande cha kwanza kilikuwa mfupa wa kufundishia, wa njano, mwepesi. Daktari alieleza kwamba huo ni mfano tu. Mfupa wa madamu mwenyewe upo kwenye baridi na unaweza kurudishwa. Ila, alisema, ulikuwa umevunjika vipande viwili na kidonda kilikuwa kichafu sana. Wameupima, hawakuona vijidudu, lakini vijidudu vinajua kujificha. Na mfupa uliokaa nje ya mwili wakati mwingine mwili wenyewe huula polepole.

Kipande cha pili kilikuwa cheupe, laini, kimepinda vizuri kama kipande cha bakuli. Akriliki, alisema. Unga na maji yake vinachanganywa palepale kwenye chumba cha upasuaji, vinakuwa kama donge, unalifinyanga kufuata umbo la kichwa, linapata moto, linapoa, limekuwa gumu. Yeye angependelea hiki.

Cha tatu kilikuwa wavu wa kijivu wenye matundu. Titani. Kizuri pia, lakini kilikuwa kigumu kukikunja kufuata mviringo wa pengo kubwa kama lile.

Banza alichukua ule wavu kwanza. Mikono yake iliyojua madini ilitegemea uzito, na uzito haukuwapo. Chuma kisicho na uzito! Alikirudisha mezani kama kimemtukana. Kisha akatazama kile cheupe, na alipofikiria unga, maji na moto ndani ya kichwa cha mkewe, aliona mabeseni ya plastiki yaliyopangwa nje ya maduka ya Matonge, mtaa wa watu wa kwao pale Ixelles.

Sasa hapa ndipo ilipokuwa dhambi yake, kama ni dhambi. Kichwa chake hakikukaa katika chumba kile. Kiliruka kikaenda mbali, mpaka siku ya msiba. Alimwona Tshibangu na wazee wa Likasi wamekaa, wanamwuliza: ulimchukua mzima, mbona unamrudisha na kipande cha beseni? Mfupa wake uko wapi? Mlimtupia mbwa? Mkewe alikuwa hai mbele yake, mikono yake mapajani, na yeye alikuwa anapanga majibu ya kaburi lake.

Mujinga alikuwa amenyoosha mkono akachukua kile kipande cheupe. Alikigeuza, akakipima kwenye kiganja, akakiweka kidogo juu ya kitambaa cha kichwa chake, upande ule. Akaanza kuongea kwa Kiswahili, maneno si machache, huku anatabasamu.

"Madamu anasema nini?" daktari aliuliza.

Banza akajibu kwa Kifaransa chake cha kiwandani: "Madamu anataka mfupa wake."

Daktari alitazama kile kipande cheupe mkononi mwa Mujinga. "Ana hakika?"

"Mfupa wake, docteur. Kwetu ni hivyo."

Daktari akamtazama mume, akamtazama mke, akaandika. Siku ile hapakuwa na mkalimani, na hakuna aliyefikiria kumwita. Mwaka mzima Banza alilishikilia hilo kwa meno: mbona hawakuita mkalimani? Wakubwa ni wakubwa, wanaandika tu.

Mujinga aliuliza, "Anasema nini?"

"Anasema mufupa njo muzuri. Hii nyeupe anakatala."

Mujinga alikishika kile kipande muda kidogo zaidi. Kisha akakirudisha juu ya kitambaa cha kijani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

"Basi," alisema. "Bao njo banajua." Wao ndio wanaojua.

Walimrudishia mfupa mwezi wa saba. Wiki tatu kichwa kilikuwa cha mviringo na Mujinga alikuwa anajitazama kwenye kioo cha bafuni kila asubuhi. Wiki ya nne homa ikaja. Kidonda kikaanza kutoa maji, halafu usaha. Wakamfungua, wakautoa ule mfupa, wakautupa kabisa sasa, lakini uchafu ulikuwa umeshashuka ndani. Alifariki mwezi wa tisa, siku ya Jumanne, saa sita mchana, jua likiwaka nje kana kwamba hakuna kitu.

Ijumaa kabla ya kuondoa msiba, Banza alichukua basi akaenda hospitalini. Bibi wa huduma ya jamii alimkaribisha vizuri, na wema wenyewe ulimuudhi. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi; alikuwa na maneno makali tangu alipopanda basi Flagey. Lakini yule bibi alimpa bahasha ndani ya dakika kumi na kumpa mkono wa pole. Nakala ya ripoti ya mwezi wa sita, ukurasa mmoja, mhuri chini.

Alikaa kwenye benchi la korido akaifungua. Herufi za mashine alizitambua, maneno mengine hayakutaka kufunguka. Aliona jina la mkewe. Aliona neno *mari*, mume, akalijua vizuri sana.

"Papa Banza."

Aliinua kichwa. Alikuwa Maman Kahambu, Munande wa Butembo, aliyekuwa anasali naye kanisa moja. Alikuwa amevaa vazi la buluu la wasaidizi wa wagonjwa. Ni yeye aliyekuwa amesimama mlangoni siku ile nyuma ya kiti cha magurudumu. Banza alijua hivyo, na kwa mwaka mzima alikuwa amejiambia kwamba mwanamke huyu hakusikia kitu.

"Maman. Umekuja vizuri. Nisomee hii, macho yangu haiko muzuri leo."

Kahambu alikaa. Hakumtania juu ya macho. Alisoma kimya kwanza, kisha akaanza kumfasiria polepole.

"Docteur anaandika hivi: mugonjwa ameonyeshwa bitu bitatu, mufupa wake mwenyewe, akriliki, na titani. Ameelezwa kwamba mufupa uko na hatari zaidi juu ya kidonda kilikuwa kichafu, na miye docteur napendelea akriliki. Mugonjwa, kwa mudomo wa bwana yake, amechagua mufupa wake mwenyewe, na anashikilia hivyo. Uamuzi wake umeheshimiwa."

"Uamuzi wa nani?"

"Wa mugonjwa."

"Wa Mujinga."

"Njo vile karatasi inasema."

Na hapa, Mungu amsamehe, Banza alipumua. Alipumua kama hajapumua mwaka mzima. Karatasi haikumtaja yeye. Ilimtaja Mujinga. Tshibangu alitaka mhuri. Mhuri huu hapa, mwekundu, wa mviringo. Nani angebishana nao?

Kahambu alikunja karatasi akaishika bila kumrudishia.

"Papa, miye nilikuwa ku mulango."

"Najua ulikuwa."

"Kiswahili ya Katanga ninaisikia. Nilisikia vile maman alisema. Na nilisikia vile ulisema kwa docteur."

Korido ilikuwa na watu. Mzee mmoja alipita akisukuma chupa ya maji iliyoning'inia kwenye mti wake wa chuma.

"Sasa kwa nini ulinyamaza?" Banza aliuliza, na sauti yake ikapanda ikatafuta ugomvi wake wa kila siku. "Hein? Ulisikia, ukanyamaza! Donc, na wewe uko pamoja na bao!"

"Chef wetu alitukataza kuongea mbele ya docteur. Na tena nilisema: ni bwana yake, atajua." Kahambu alimtazama moja kwa moja. "Ndiyo, papa. Na miye niko pamoja na bao. Mwaka muzima sikai upande wako ku kanisa. Ulifikiri nilikukasirikia? Nilikuwa na haya."

 Mtu ambaye Banza alikuwa anamlaumu alikuwa amekubali lawama bila kubishana, na lawama yake yeye ilibaki mikononi mwake, haina pa kuwekwa.

"Dimanche utafanya nini?" Kahambu aliuliza.

"Karatasi iko na cachet," Banza alisema, akaichukua.

Jumapili nyumba ilijaa harufu ya mboga ya sombe na dagaa wa kapenta. Tshibangu alikuja na mkewe Sidonie na shangazi wawili wa ukoo waliotoka Liège na treni ya asubuhi. Kahambu pia alikuja, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba wake mapajani. Hadassa alikuwa jikoni anasonga bukari, na kwa kuwa jiko lilikuwa ni pembe tu ya chumba hichohicho, alisikia kila kitu.

Banza alikalishwa chini, kwenye mkeka. Mkeka wenyewe ulikuwa wa plastiki, wa dukani, na Tshibangu hakuacha kuliona hilo.

"Hata mukeka ya kweli hakuna huku," alisema, na shangazi wakacheka kidogo. Kisha akavaa miwani. "Shemeji. Tulikuachia Mujinga. Leta habari yake."

Banza alitoa bahasha mfukoni akainyoosha.  Aliiacha karatasi iseme.

Tshibangu alisoma Kifaransa kwa sauti, kama anasomea darasa, kisha akafasiri kwa ajili ya shangazi. Alipofika pale kwamba mgonjwa amechagua mwenyewe, alisimama, akarudia mstari, akavua miwani.

"Kumbe Mujinga mwenyewe."

"Eh!" shangazi mmoja alisema. "Docteur akamukataza, naye akakatala!"

"Huyu tangu utoto alikuwa na kichwa ngumu," mwingine akasema, akajisikia alichosema, akaziba mdomo kwa kanga.

Tshibangu alikuwa amelegea. Hasira aliyokuja nayo haikuwa na mtu tena. "Shemeji, tumekusumbua bure. Tulisema mambo mingi juu yako huko nyuma, na mingine haikuwa muzuri. Kama ni yeye alichagua, basi mambo imeisha. Uko huru. Sidonie, leta mukasi."

Sidonie alikuwa ameshautoa kwenye mkoba. Alipiga magoti mbele ya Banza, akaingiza ncha moja ya mkasi chini ya kile kitambaa cheusi. Banza alisikia ubaridi wa chuma kupitia shati.

"Si kweli," Hadassa alisema.

Alikuwa amegeuka kutoka jikoni, mwiko mkononi, unga umemganda kwenye vidole.

"Maman aliniambia docteur alikatala ile nyeupe. Aliniambia mimi mwenyewe, nikiwa namuosha nywele ya upande moja. Alisema, mimi niliitaka ile, lakini docteur amesema hapana. Sasa karatasi inasema njo yeye alitaka mufupa. Kwa nini alinidanganya?"

"Mwanangu," Tshibangu alisema kwa upole, "mutu akiumia kichwa, maneno inachanganyikana. Hakukudanganya. Hakukumbuka. Pengine hata siku ile hakujua anachagua nini."

"Alijua! Alikuwa na akili yake yote! Alikuwa anahesabu shanga za bateja wangu bila kukosea!" Machozi yalikuwa yanamtoka na aliyaacha. "Kwa nini anidanganye? Nilimufanyia nini?"

Banza alimtazama Kahambu. Kahambu alikuwa anatazama mkoba wake. Asingesema, amemwachia yeye. Na Banza akaona jinsi itakavyokuwa kuanzia leo: mkasi utakata, watakula, watamkumbatia. Na Mujinga, aliyelala kwenye udongo wa watu, atakuwa mwanamke mkaidi aliyejiua kwa ubishi wake. Na kwa mtoto wake atakuwa mwongo, au punguani. Yule mkuu wa zamu wa Lubumbashi aliandika vilevile, akagonga mhuri, akaenda kula. Na chakula kilikuwa tayari hapa, alikuwa anakinusa.

Alivuta mkono. Mkasi ulikwaruza shati.

"Ngoja, Sidonie."

"Tulia, papa, utajikata."

"Ngoja, nasema. Karatasi inasema uongo. Hapana, docteur hakudanganya. Aliandika vile nilimwambia. Mujinga hakuchagua mufupa. Alichukua ile nyeupe, akaishika, akasema njo anataka hiyo. Njo miye nilisema mufupa. Docteur aliuliza mara mbili. Mara mbili nikasema mufupa. Na Mujinga nikamwambia docteur njo amekatala."

 Jikoni sufuria ilianza kuungua na hakuna aliyeizima.

"Kwa nini?" Tshibangu aliuliza. Sauti ya ualimu ilikuwa imemtoka.

"Niliogopa mukeka hii," Banza alisema. "Niliogopa wewe, shemeji. Nilisema, siku moja utaniuliza mufupa wa dada yako uko wapi. Nikachunga mufupa."

 Ilikuwa wazi kwamba Tshibangu angeuliza hivyo hasa, na kwamba yeye mwenyewe alijua. Hilo halikumpunguzia hasira, pengine lilimwongezea. Aliinuka, akachukua kofia yake.

"Rudisha mukasi, Sidonie."

"Na chakula?" mmoja wa shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mutakula ku treni."

Walitoka mmoja mmoja. Kahambu alikuwa wa mwisho. Alipita jikoni akazima moto chini ya sufuria, akamgusa Hadassa begani, akaenda. Kitambaa cheusi kilibaki mkononi mwa Banza, uzi mmoja umekatika.

Alibaki palepale mkekani. Alingoja mwanawe naye achukue koti lake. Asingemlaumu. Lakini Hadassa aliweka mwiko mezani, akanawa vidole kwa muda mrefu, akaja akakaa chini mbele yake, mbali kidogo, ambapo mkono haufiki.

"Alisema nini?" aliuliza.

"Nimekwambia. Alisema ile nyeupe."

"Hapana. Docteur alikuuliza, madame anasema nini, ukamupa maneno mbili. Maman aliniambia yeye aliongea mengi. Nataka yote. Vile alisema yeye."

Banza alifumba macho. Hakuhitaji kutafuta. Kwa mwaka mmoja na miezi mitatu yalikuwa yamekaa nyuma ya meno yake, neno kwa neno, na sauti ya Mujinga mle ndani, na kile kicheko kidogo kabla hajaanza.

"Alisema: baba Hadassa, hii. Mwambie njo ninataka hii, ni nyepesi, ni safi. Ule mufupa ulishavunjika, baache ulale. Alisema: nimechoka na kofia. Ninataka kwenda ku soko ya Flagey siku ya dimanche, ninunue mboga yangu ya lenga-lenga, batoto bapite bila kuniangalia. Akaiweka hapa, juu ya kitambaa, akasema: angalia, ngozi itakaa vizuri, nywele itaota. Mwambie docteur afanye haraka. Hadassa anasuka kila mutu wa Galerie, mama yake anatembea kama kuku wa kunyonyolewa. Ninataka Hadassa anisuke."

Hadassa alikuwa ameinamisha kichwa. Vidole vyake, bado vina unyevu, vilikuwa vinagawanya hewa mara tatu, mara tatu, kama vinasuka, bila yeye kujua.

Banza alingoja amtukane. Alikuwa tayari.

"Rudia," Hadassa alisema.

Naye akarudia, tangu mwanzo, bila kuacha neno.